Peter Forsskål, Bwana Aliyejifunza Majina ya Taa kwa Wavuvi wa Kiarabu

Kila mtoto wa madrasa hapa kwetu Malindi amekwisha sikia habari za Ibn Batuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, na za Ahmad bin Majid, bingwa wa nyota na pepo. Hao ni watu wa nyumbani. Leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu habari za msafiri mwingine, ambaye kwa wataalamu wa samaki ulimwenguni jina lake ni kubwa, lakini kwetu sisi tunaomla papa mkavu kwa nazi halitajwi hata mara moja. Huyu ni Peter Forsskål, mtu wa Ulaya ya kaskazini aliyefariki katika milima ya Yemeni mwaka wa 1763, akiwa na umri wa miaka 31 tu.

Yaweza kuulizwa, sisi yatuhusu nini? Basi na tuanze na samaki wenyewe. Wataalamu humpa kila kiumbe jina la Kilatini lenye sehemu mbili, kisha huandika jina la mtu aliyemweleza kwanza na mwaka wake. Mchukue tafi wetu, ambaye hakosekani sokoni siku yoyote ya Mungu. Ukoo wake huitwa Siganus, na asili ya neno hilo ni sijan, jina alilopewa na Waarabu wa Bahari ya Sham. Yuko changu aitwaye harak, na mwingine mahsena. Yuko pono aitwaye harid. Hata mwatiko, ambaye Ngomeni siku hizi hufugwa katika mabwawa, anafuatwa na jina la Forsskål na mwaka wa 1775. Ukifika kwa taa ndipo utastaajabu zaidi. Yule taa mdogo mwenye madoa ya buluu yanayong'aa, ambaye wapiga mbizi wa Watamu humwona amejificha chini ya matumbawe, ni Forsskål aliyemweleza kwanza. Taa mkubwa mwenye mkia kama mjeledi huitwa uarnak, na mwingine sephen, na yote mawili ni maneno ya Kiarabu yaliyotoka vinywani mwa wavuvi. Na yule samaki wa ajabu mwenye kichwa cha taa na mkia wa papa, anayefikia urefu wa mita tatu, huitwa djiddensis, yaani wa Jidda.

Majina haya hayakutungwa na mabwana walioketi vitini Ulaya. Mtu alikwenda ufukoni akauliza.

Forsskål alizaliwa Helsinki, katika nchi ya Finlandi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Uswidi, mwezi wa Januari mwaka wa 1732. Baba yake alikuwa kasisi. Alipokuwa mtoto walihamia Uswidi, na akaandikishwa katika chuo kikuu cha Uppsala akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Jambo hilo si la ajabu sana kwetu, maana tunawajua watoto waliohifadhi Kurani nzima katika umri huo. Huko Uppsala alisoma kwa Linnaeus, mwanachuoni ambaye ndiye aliyeweka utaratibu huo wa majina mawili ya Kilatini. Baadaye alikwenda Göttingen, Ujerumani, akasoma falsafa na lugha za Mashariki. Msingi wa Kiarabu chake aliupata huko, na utamu wake akaupata kwa Waarabu wenyewe.

Alikuwa mtu mkaidi, asiyeogopa wakubwa. Mwaka wa 1759 alichapa kijitabu kidogo juu ya uhuru wa raia, akitetea haki ya watu kuandika na kusema, na akipinga upendeleo wa wenye vyeo. Serikali ya Uswidi ikaghadhibika, ikaamuru nakala zikusanywe. Aliyepewa kazi ya kuzikusanya alikuwa mwalimu wake mwenyewe, Linnaeus, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo wakati huo. Nakala zilizorudi zilikuwa chache. Mwaka wa 1766 Uswidi ilipitisha sheria ya uhuru wa uchapaji, lakini Forsskål hakuiona, kwani alikuwa amekwisha zikwa miaka mitatu nyuma.

Wakati huo mfalme wa Denmaki, Frederik wa Tano, alikuwa akitayarisha msafara wa wataalamu kwenda Uarabuni. Walichaguliwa watu sita. Von Haven wa lugha, Forsskål wa mimea na wanyama, Carsten Niebuhr wa kupima ardhi na kuchora ramani, Kramer tabibu, Baurenfeind mchoraji, na mtumishi wao Berggren. Waling'oa nanga Copenhagen mwanzo wa Januari mwaka wa 1761. Ugomvi uliwaandama tangu safarini, na mkubwa wake ulikuwa kati ya von Haven na Forsskål. Walipofika Istanbul von Haven alinunua sumu nyingi sana, na wenzake wakashikwa na hofu kwamba imekusudiwa kuwaua wao. Sumu hiyo haikutumika, lakini fikiri mwenyewe kula sahani moja na mtu wa namna hiyo kwa miaka miwili.

Misri walikaa muda wa mwaka mmoja. Forsskål alivaa mavazi ya wenyeji, akafuga ndevu, akazungumza Kiarabu cha sokoni na akatoka kila siku kutafuta mimea. Siku moja wanyang'anyi walimvamia njiani wakamvua nguo. Alirudi mjini, akapata nguo nyingine, akaendelea na kazi.

Oktoba mwaka wa 1762 walipanda chombo huko Suez pamoja na mahujaji waendao Jidda. Niebuhr ameacha kisa kimoja cha safari hiyo ambacho sitaki kukiruka. Jua lilipatwa wakiwa baharini. Niebuhr na Forsskål walikuwa wamekwisha jua kwa hesabu kwamba litapatwa, wakampasha habari nahodha, wakawapa watu vioo vilivyotiwa moshi watazame bila kuumia. Basi abiria wakasema moyoni kwamba mtu ajuaye mambo ya mbinguni kabla hayajatokea hakosi kuwa tabibu mkubwa. Wakamjia Forsskål kwa wingi, kila mmoja na ugonjwa wake. Mmoja akamlalamikia kwamba usiku hauoni mbele yake. Forsskål akamshauri awashe taa, na chombo kizima kikaangua kicheko.

Jidda walikaa majuma kadhaa, na hapo ndipo kazi ya samaki ilipopamba moto. Kwa kuwa hawakuwa Waislamu hawakuruhusiwa kuelekea Makka, lakini mjini walitembea na hawakusumbuliwa. Namna yake ya kufanya kazi ndiyo inayonipendeza mimi. Alimshika samaki, akahesabu mapezi na miiba yake, akaandika rangi yake kabla haijafifia, kisha akamwuliza mvuvi jina. Akaliandika kama alivyolisikia, kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini. Samaki wengine aliwachuna upande mmoja, akaikausha ngozi, akaibandika juu ya karatasi kama mtu abandikavyo jani. Ngozi hizo zipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Copenhagen, 99 kwa hesabu, mapezi na magamba yake yakionekana.

Mwisho wa Desemba walifika Luhaya, bandari ya Yemeni. Hapa wasomaji wa pwani wasikilize vizuri. Gavana wa Luhaya, Amiri Farhan, alikuwa Mwafrika mweusi, aliyepelekwa Uarabuni angali mdogo akauzwa kwa mkubwa mmoja, naye akamsomesha hata akapanda cheo hicho. Niebuhr amemsifu kuliko karibu watawala wote aliokutana nao kwa adabu na ukarimu wake. Ni kwa amiri huyu Forsskål alipofungua kioo chake cha kukuzia vitu vidogo na kuomba aletewe chawa. Mtumishi wa amiri alipotazama akaona mdudu mkubwa mno, akashikilia kwamba huyo hawezi kuwa chawa wa Kiarabu, lazima ametoka Ulaya. Hapo watu wakacheka tena. Miezi ya Luhaya na ya milima ya kahawa iliyofuata ilikuwa miezi ya furaha katika maisha ya Forsskål. Alipanda punda akazunguka peke yake, na aliuona mti wa zeri ya Makka ambao Linnaeus alikuwa akitamani kuujua kwa miaka mingi. Akamkatia kitawi, akampelekea.

Furaha hiyo ilikwisha Mokha. Walipofika forodhani, watu wa ushuru wakafungua vyombo vya samaki aliowahifadhi Forsskål. Kiko wapi kingine isipokuwa harufu, harufu ya samaki na ya mvinyo aliowatia ndani wasioze. Halafu wakatokea nyoka ndani ya chupa, na uvumi ukaenea kwamba Wazungu hawa wamekuja na sumu ya kuwaua watu. Vitu vikatupwa nje, na nyumba ikawa taabu kupatikana. Mimi nawaelewa wale watu wa forodha. Hebu mtu aje leo bandarini kwetu na pipa la mvinyo lililojaa taa na nyoka, tuone kama atapita kwa salama.

Mei mwaka wa 1763 von Haven akafa Mokha kwa homa. Waliobaki wakashika njia ya Sanaa. Forsskål naye alikuwa amekwisha shikwa na homa ya malaria, na kupanda kule milimani kulimmaliza. Tarehe 11 Julai 1763 akafariki katika mji wa Yarim. Walimzika usiku, na baadaye kaburi lake likafukuliwa na watu walioamini kwamba Wazungu huzika mali pamoja na maiti. Baurenfeind na Berggren walikufa baharini katika safari ya kwenda Bombay mwezi wa Agosti, na Kramer akafia Bombay mwaka uliofuata. Katika watu sita akarudi mmoja, Niebuhr, aliyefika Copenhagen mwaka wa 1767.

Kama si Niebuhr, hadithi ingeishia hapo. Alikuta makaratasi ya rafiki yake yametawanyika, masanduku ya samaki yameharibika, na wakubwa wa Denmaki hawana haja tena. Mfalme aliyewatuma alikuwa amekwisha kufa. Niebuhr, ambaye kwa elimu alikuwa mpima ardhi, alisimamia mwenyewe vitabu viwili vya Forsskål, cha wanyama na cha mimea, vikatoka mwaka wa 1775, miaka 12 baada ya mwenyewe kuzikwa. Ndiyo maana samaki wengi wa bahari yetu wana mwaka huo wa 1775 mbele ya jina lao.

Sasa niwarudishe wasomaji hapa Malindi, maana huyu samaki wa Jidda hali yake si njema.

Mimi ni mtu wa Shela ya Malindi, na hupita penye soko la samaki kila ninapopata nafasi. Papa na taa wanaoshushwa siku hizi wengi ni wadogo, papa wa urefu wa mkono wa mtu. Mama karanga huwakata vipande viwili wakaisha. Nikiwa kijana nilikuwa nikiona msumeno wa papa upanga umetundikwa katika kuta za nyumba za wazee. Leo ukimwuliza mvuvi wa miaka thelathini, atakwambia papa upanga amemsikia kwa babu yake.

Haya si ya Malindi peke yake. Mwaka wa 2021 wataalamu walitoa hesabu ya dunia nzima, na ikaonekana kwamba aina za papa na taa zilizo katika hatari ya kutoweka zimepita thuluthi moja ya aina zote. Katika bahari kuu papa na taa walikuwa wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka wa 1970. Sababu kubwa katika zote ni moja, kuvuliwa kupita kiasi. Ama yule djiddensis na ndugu zake, mwaka wa 2019 shirika la uhifadhi la IUCN liliziangalia aina 16 za jamaa hao, na 15 zikawekwa katika daraja la mwisho la hatari, ile iliyo karibu kabisa na kutoweka. Kinachomponza ni mapezi yake, ambayo katika soko la Hong Kong ni miongoni mwa yenye bei kubwa. Nyama tunakula sisi, mapezi yanapanda meli.

Yafaa kueleza kwa nini papa hamfanani tafi katika jambo hili. Tafi hutaga mayai maelfu na maelfu, na katika muda mfupi kizazi kipya kimekua. Papa na taa wengi huzaa, hawatagi, na huzaa wachache mno. Wengine hungojea miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kwa uzazi huo yuko karibu na ng'ombe kuliko samaki, na hakuna mfugaji atakayechinja mitamba yake yote halafu ategemee zizi lijae.

Nimezungumza na manahodha wa hapa, na sitawaonea kwa kuandika kama kwamba wao ndio maadui. Mmoja alinieleza kwamba jarife halichagui. Ukilitega kwa ajili ya nguru, huingia taa. Mwingine alinikumbusha meli za kukokota kamba katika ghuba ya Malindi na Ungwana, ambazo wavu wake hukomba kila kitu mpaka chini ya tope, watoto wa taa wakiwemo. Meli hizo zilisimamishwa mwaka wa 2006 baada ya malalamiko ya wavuvi, kisha zikaruhusiwa tena miaka michache baadaye kwa masharti. Naona haki kabisa kwa mvuvi wa dau kuuliza kwa nini yeye ndiye aanze kuhubiriwa. Tena ana deni kwa tajiri aliyempa nyavu, na papa akishatiwa chumvi na kuanikwa haozi, anaweza kungojea bei. Hiyo ndiyo faida ya ng'onda tangu zamani, wakati majahazi yalipokuja na kaskazi kutoka Shihiri na Usomalini yamejaa papa mkavu.

Hata hivyo yako mambo yanayowezekana. Mwaka wa 1968 Malindi na Watamu zilitengewa hifadhi za bahari, na ya Malindi ilikuwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Wakati ule wazee wetu wengi walinung'unika, na wako wanaonung'unika mpaka leo, lakini yule taa wa madoa ya buluu angali anaonekana huko. Katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Geneva mwezi wa Agosti mwaka wa 2019, djiddensis na jamaa zake waliingizwa katika orodha ya wanyama ambao hawauzwi nchi za nje ila kwa kibali, na kibali hakitolewi mpaka ionekane kwamba biashara hiyo haitawamaliza. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo.

Lakini kibali huandikwa kwa jina, na hapo ndipo ninapomkumbuka yule kijana wa Helsinki. Kwa miaka mingi katika hesabu za samaki wanaoshushwa pwani yetu, papa wote na taa wote waliandikwa katika safu moja. Aliye karibu kutoweka na aliye tele wakapimwa pamoja kwa kilo. Kwa daftari la namna hiyo aina moja inaweza kumalizika, na safu isionyeshe kitu, kwa sababu nyingine imejaza pengo. Pezi nalo likishakaushwa, ofisa wa forodha hawezi kulitambua kwa urahisi kama hakufundishwa.

Wavuvi wetu majina wanayo. Nilikaa na mzee mmoja wa Mayungu anayesuka malema, nikamwomba anitajie taa anaowajua, akanitajia mmoja mmoja, na kila mmoja makazi yake. Huyu wa mchangani, huyu wa penye nyasi za bahari, huyu huja mtoni Sabaki maji yakichafuka, huyu mwiba wake una mauti. Yule mwenye mkia wa papa alinieleza kwamba zamani waliwapata wakubwa karibu na pwani, na sasa wakimpata ni mdogo, tena mbali. Akaongeza kwamba akinaswa hafi upesi, hukaa hai ndani ya chombo kwa muda mrefu akipigapiga mkia, na kwamba mtu akitaka kumrudisha majini anaweza.

Nilimwuliza kama amewahi kuulizwa mambo hayo na mtu mwenye daftari. Akanijibu kwamba wenye daftari huja, huuliza kilo, na huondoka.